Namna ya Kupanga Vinyunyizio vya Moto kwa Ghala la Mafuta na Vimiminika Vilivyo Katika Madumu ya Plastiki

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenye ghala, mhandisi wa kiwanda na msimamizi wa stoo anayehifadhi mafuta ya kula, vilainishi vya injini, rangi, viyeyushi au vitakasa mikono katika madumu, ndoo, chupa na matangi ya plastiki. Hauchukui nafasi ya mhandisi wa kinga ya moto, kwa kuwa hesabu za mwisho ni zake na sahihi ni yake. Utamsaidia msomaji kumpa mhandisi huyo taarifa zinazotakiwa, na kuutambua mapema mchoro ambao hautafanya kazi siku ya moto. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba mfumo wa vinyunyizio haulindi jengo kwa ujumla wake. Hulinda bidhaa fulani, ndani ya chombo fulani, iliyopangwa kwa namna fulani na kwa kimo fulani. Kimojawapo kikibadilika, kinga inaweza kuwa imetoweka ingawa mabomba bado yananing'inia darini.

Ushahidi wa hilo upo. Tarehe 27 Mei 1987, ghala la rangi la kampuni ya Sherwin-Williams mjini Dayton, Ohio, Marekani, liliteketea lote ilhali lilikuwa na vinyunyizio. Vimiminika vilimwagika katika shughuli za foklifti, vikashika moto, na moto ukakua kwa kasi iliyoushinda mfumo. Zimamoto wa mji huo waliamua kuliacha ghala liungue, kwa sababu maji ya kuzimia yangezama ardhini na kuchafua visima vinavyowapa wakazi maji ya kunywa. Bidhaa nyingi pale zilikuwa katika makopo ya chuma. Chombo kikiwa cha plastiki, muda wa kuudhibiti moto huwa mfupi zaidi.

Kwa nini plastiki ni tatizo la pekee

Tuchukue dumu la kawaida la lita 20 la mafuta ya kula, lililotengenezwa kwa polithini nzito. Plastiki hiyo huanza kuyeyuka ikifika nyuzi joto 130 hivi za Selsiasi. Moto ukilifikia, sehemu ya ukuta iliyoguswa na mafuta kwa ndani huchelewa kulainika kwa kuwa mafuta yanalichukua lile joto, lakini sehemu ya juu iliyo wazi, karibu na mpini na kifuniko, hulegea kwanza. Tundu hufunguka pale juu, kisha ukuta hushuka taratibu kufuata usawa wa mafuta, na mafuta hufurika kidogo kidogo kwenye moto uliopo chini yake. Dumu lililobebeshwa mengine mawili au matatu juu yake halihitaji hata kutoboka: likilainika tu, mrundo wote huinama na kuanguka. Kuanzia hapo moto si wa madumu tena, ni wa dimbwi linalotambaa sakafuni na kupita chini ya chaga za jirani.

Ndoo ya chuma haina tabia hiyo. Maji yakiipoza, hubaki imeshikilia kilichomo, na kwa hiyo kinyunyizio hupata muda. Ndiyo maana viwango vya kimataifa hutenganisha kabisa vyombo vya chuma na vya plastiki, hata kama kimiminika kilichomo ni kilekile. Ufaransa nayo, baada ya moto wa tarehe 26 Septemba 2019 mjini Rouen ulioteketeza maelfu ya tani za bidhaa katika eneo la kiwanda cha Lubrizol na maghala ya jirani yake, ilitoa Septemba 2020 kanuni mpya zinazovitazama kwa namna ya pekee vyombo vinavyoyeyuka.

Tukumbuke pia wingi wa nishati. Lita 20 za mafuta ya kula zina takriban megajouli 680, sawa na zaidi ya kilo 40 za kuni kavu. Watu hawayaogopi mafuta ya kula kwa sababu hayashiki moto kirahisi kama petroli, na hilo ni kweli; lakini yakishashika, kila kilo yake hutoa joto zaidi ya mara mbili ya kilo ya kuni.

Anza na orodha ya bidhaa, si na mchoro wa mabomba

Kazi ya kwanza ni ya msimamizi wa stoo. Aandike kila kimiminika kinachoingia ghalani, pamoja na vile vya msimu, na kwa kila kimoja aambatishe karatasi ya taarifa za usalama kutoka kwa mtengenezaji. Sehemu ya 9 ya karatasi hiyo hutaja joto la mmweko, yaani kiwango cha chini cha joto ambacho kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kuwaka kikikutana na cheche. Sehemu hiyohiyo hueleza kama kimiminika huchanganyika na maji. Mambo hayo mawili, pamoja na aina ya chombo, ndiyo yanayoamua karibu kila kitu kinachofuata.

Kiwango cha NFPA 30 cha Marekani, kinachotumiwa na wahandisi na makampuni ya bima katika nchi nyingi, huvigawa vimiminika kwa joto la mmweko. Kundi la I ni vile vilivyo chini ya nyuzi 37.8: humo mna petroli, asetoni, spiriti na viyeyushi vingi vya rangi. Kundi la II huanzia hapo hadi chini ya nyuzi 60, na ndimo mafuta ya taa huangukia kwa kawaida. Kundi la IIIA ni kuanzia 60 hadi chini ya 93, na IIIB ni 93 na kuendelea. Vilainishi vya injini na mafuta ya kula, ambayo joto lake la mmweko huvuka nyuzi 200, yako humo.

Sababu ya kuvigawa hivyo ni kwamba maji huzima kwa kupoza. Mafuta ya kula yanayowaka yanaweza kupozwa na mvua ya matone mpaka uso wake ushuke chini ya joto la mmweko, na moto ukazimika kabisa. Petroli, ambayo hutoa mvuke unaowaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, haiwezi kupozwa kiasi hicho na maji yoyote. Zaidi ya hayo huelea juu ya maji na kusafiri nayo. Kwa kundi la IIIB tunaweza kutarajia kinyunyizio kizime. Kwa kundi la I ndani ya plastiki, tunachoweza kutumaini ni kudhibiti tu, na mara nyingi hata hilo halipatikani. Spiriti na vitakasa mikono vina nafuu moja: huchanganyika na maji, hivyo maji yakiwa mengi hupungua nguvu. Nafuu hiyo isimdanganye mtu, kwa kuwa kitakasa mikono chenye asilimia 70 ya spiriti hutoa mvuke unaowaka katika joto la kawaida la chumba chochote cha Pwani.

Hapo pana jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi hulipita haraka. Ghala la mabati lisilo na dari mjini Dar es Salaam au Mombasa linaweza, mchana wa Februari, kuwa na joto karibu na paa linalozidi nyuzi 38 kwa mbali. Mafuta ya taa yaliyowekwa rafu ya juu kabisa yanaweza kuwa tayari kwenye joto lake la mmweko, ingawa kwenye karatasi ni kundi la II. Kwa maoni yangu, bidhaa yoyote ambayo joto lake la mmweko halizidi joto la juu kabisa lililopimwa ghalani ichukuliwe kama ya kundi la I katika kupanga kinga, na kipimajoto kifungwe pale juu kwa msimu mzima wa joto kabla ya mchoro kuanza.

Amua kipi kitoke

Kabla ya kununua hata futi moja ya bomba, pitia orodha na utoe visivyolindika. NFPA 30 hairuhusu vimiminika vya kundi la I katika matangi ya plastiki ya lita 1,000 yenye kizimba cha chuma, yale ambayo baadaye huuzwa mitaani kwa kuhifadhia maji. Kwa kundi la II na la III matangi hayo hukubalika, lakini ili yahesabiwe kuwa yanalindwa na vinyunyizio ni lazima yawe ya aina iliyopimwa kwa moto na kuorodheshwa na maabara inayotambulika. La kawaida lililonunuliwa kwa bei nafuu halihesabiwi. Vilevile, madumu ya plastiki ya vimiminika vya IB na IC, yaani vijigawanyo vya kundi la I ambamo viyeyushi vingi huangukia, yamewekewa ukomo wa galoni 5 kwa chombo kimoja, yaani takriban lita 19. Pipa la plastiki la lita 200 la tina, yaani kiyeyushi cha kuzimulia rangi, halina nafasi ndani ya ghala la jumla.

Vya kundi la I vinavyosalia vina njia tatu: kuhamishiwa katika vyombo vya chuma, kuwekwa katika chumba au jengo lao peke yao lenye kuta zinazohimili moto, njia ya hewa karibu na sakafu na vifaa vya umeme vya aina isiyotoa cheche, au kupunguzwa mpaka wingi wake uwe mdogo. Mwenye mali atalalamikia gharama. Hata hivyo, gharama ya kulinda ghala zima kwa ajili ya chaga tatu za tina ni kubwa kuliko kujenga kibanda cha matofali nyuma ya uzio.

Namna bidhaa zinavyokaa

Baada ya orodha kusafishwa, mhandisi atauliza namna ya kupanga: je, madumu yanarundikwa sakafuni juu ya chaga, au yako kwenye rafu? Yako ndani ya katoni au wazi? Kimo cha juu kabisa ni mita ngapi, na paa liko mita ngapi? Katoni si urembo hapa. Karatasi ngumu hunyonya maji, hushikilia chupa zisitawanyike na huchelewesha moto kuifikia plastiki, ndiyo maana majedwali ya NFPA 30 hutenganisha bidhaa za katoni na za wazi. Chupa za lita moja za kilainishi ndani ya katoni na chupa hizohizo zilizofungwa kwa nailoni tu ni bidhaa mbili tofauti machoni pa kinyunyizio.

Mirundo ya sakafuni, ikiwa mifupi na yenye njia pana kati yake, inaweza kulindwa na vinyunyizio vya darini peke yake kwa vimiminika vya kundi la IIIB. Rafu ni habari nyingine. Moto ukianza rafu ya chini, joto hupanda kupitia nafasi zilizo wazi kati ya chaga, huku maji kutoka darini yakizuiwa na bidhaa za juu. Wakati kinyunyizio cha darini kinapofunguka, madumu ya chini yameshaanguka. Kwa hiyo, kwa vimiminika ndani ya plastiki kwenye rafu, mpango unaostahili kuaminiwa ni wa vinyunyizio ndani ya rafu zenyewe, vikiwa chini ya vizuizi vya mlalo vya mbao za tabaka au bati, ambavyo huikata rafu kuwa vyumba vifupi. Kizuizi hufanya kazi mbili: huukusanya moto uliopo chini yake ili kinyunyizio kilicho karibu kifunguke mapema, na huzuia miali isipande ngazi inayofuata. Nimeona watu wakitoboa vizuizi hivyo ili kupitisha nyaya, au wakiviondoa kabisa kwa sababu foklifti ilivigonga; rafu ya namna hiyo imekwisha poteza kinga yake.

Pale ambapo hakuna vizuizi na ngazi za vinyunyizio zimepangwa moja juu ya nyingine, kila cha chini kiwe na kisahani cha kukikinga na maji yanayotoka juu. Bila kisahani hicho, maji ya juu hukipoza kichupa cha kinyunyizio cha chini, yaani kile cha kioo kinachopasuka kwa joto ili maji yatoke, nacho hakipasuki hata moto ukiwa ubavuni.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo miradi mingi hufa, nami nitaeleza kwa mfano wa hesabu. Tuseme mhandisi amepata kwenye jedwali linalohusika kwamba darini panahitajika milimita 24 kwa dakika, yaani lita 24 kwa kila mita ya mraba kila dakika, juu ya eneo la mita za mraba 280. Kila kinyunyizio kikilinda mita za mraba 9, lazima kitoe lita 216 kwa dakika. Kiasi kinachotoka ni namba ya K ya kinyunyizio, inayoeleza ukubwa wa mdomo wake, ikizidishwa kwa kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha shinikizo kwa bar. Kinyunyizio kidogo cha K80, kinachofungwa katika ofisi na hoteli, kitahitaji bar 7.3 hapohapo kwenye mdomo wake ili kitoe maji hayo. Cha K160 kitahitaji bar 1.8, na cha K240 bar 0.8 tu. Kwa sababu hiyo, mtu anayependekeza kuendelea kutumia vinyunyizio vya zamani vya jengo lililokuwa ghala la nguo, kwa kuongeza pampu peke yake, aombwe aonyeshe hesabu yake. Shinikizo likiwa kubwa mno, matone nayo huwa madogo na hupeperushwa na moto kabla ya kuufikia mzizi wake.

Tuendelee na mfano wetu. Lita 24 mara mita 280 ni lita 6,720 kwa dakika. Ongeza lita 1,900 kwa dakika kwa ajili ya mipira ya zimamoto, jumla 8,620. Kwa muda wa saa mbili, tunahitaji zaidi ya lita milioni moja. Yule aliyepanga kuweka matangi ya plastiki ya lita 10,000 pembeni ya ghala atahitaji zaidi ya mia moja. Kwa vitendo ni tangi la chuma au zege lenye kipenyo cha mita 15 na kina cha maji cha mita 6. Vinyunyizio vya ndani ya rafu navyo huongezwa kwa kadiri mpango uliochaguliwa unavyoelekeza.

Bomba la mamlaka ya maji lichukuliwe kuwa la kujazia tangi, si la kuzimia moto. Umeme nao una tabia yake, na ajali ya moto mara nyingi huanza na umeme au huufanya ukatwe. Kwa hiyo pampu kuu iendeshwe kwa injini ya dizeli, au ziwepo mbili, ya umeme na ya dizeli, kila moja ikitosha peke yake. Pampu ndogo ya kushikilia shinikizo huongezwa ili ile kubwa isiwake kila mara kwa uvujaji mdogo.

Paa, joto la kichupa na nafasi ya juu

Maghala mengi ya kwetu yana paa la mabati lenye mwinamo mkali. Kanuni za NFPA 13, kiwango cha Marekani cha kufunga vinyunyizio, kwa ajili ya bidhaa zilizohifadhiwa zinachukulia paa lisilozidi mwinamo wa asilimia 16.7, yaani kupanda sentimita 2 kwa kila sentimita 12 za mlalo. Juu ya hapo, joto hukimbilia kileleni na kufungua vinyunyizio vilivyo mbali na moto, huku vilivyo juu yake vikichelewa. Dawa yake ni kujenga dari bapa juu ya rafu, na ni bora jambo hilo lijulikane kabla ya mabomba kuning'inizwa.

Rangi ya kichupa cha kioo hueleza joto la kupasuka: nyekundu nyuzi 68, njano 79, kijani 93, buluu 141. Vya kiwango cha kawaida, yaani vinavyofunguka kati ya nyuzi 57 na 77, vimekusudiwa mahali ambapo joto la darini halizidi 38. Chini ya mabati yaliyopigwa jua, kichupa chekundu kinaweza kuwa kosa. Mipango mingi ya vimiminika huweka darini vinyunyizio vya joto la juu, ili visifunguke vingi mno na kugawana maji bure, na ndani ya rafu huweka vya joto la kawaida vinavyoitikia haraka. Fuata mpango uliopimwa kwa moto halisi wala usichanganye sehemu za mipango miwili. Kila kipimo kilifanywa kwa vinyunyizio, kimo na nafasi zake.

Kati ya kinyunyizio na bidhaa za juu kabisa paachwe angalau sentimita 46, na kwa vinyunyizio maalumu vya maghala sentimita 91. Chora mstari mwekundu ukutani na kwenye nguzo za rafu, katika usawa ambao kijana wa foklifti anauona akiwa amekaa kitini.

Sakafu na maji yanayotoka

Wanaopanga vinyunyizio hutazama juu muda wote. Siku ya moto, kushindwa hutokea chini. Dimbwi linalowaka likiachwa litambae, vinyunyizio vitafunguka eneo kubwa kuliko lililokadiriwa na maji ya kila kimoja yatapungua. Kwa hiyo sakafu igawanywe kwa mifereji yenye vichungi vya chuma, ielekezwe kwenye mifereji hiyo kwa mwinamo mdogo, na mifereji imwage nje ya jengo, ikipitia mtego wa maji unaozuia miali isisafiri ndani ya bomba.

Kizingiti cha mlangoni peke yake hakitoshi. Ghala la mita za mraba 1,000 lenye vizingiti vya sentimita 10 litahifadhi mita za ujazo 100 likiwa tupu kabisa; kwa mtiririko wa mfano wetu, litajaa ndani ya dakika 12, kisha mafuta yaliyoelea yatatoka kwanza, yakiwaka. Linahitajika bwawa au tangi la nje linalopokea maji ya kuzimia pamoja na vimiminika vilivyomwagika. Tarehe 1 Novemba 1986, ghala la kemikali la Sandoz huko Schweizerhalle, karibu na Basel, Uswisi, liliungua, na maji ya kuzimia yakabeba viuatilifu hadi mto Rhine na kuua samaki kwa mamia ya kilomita. Maghala ya Vingunguti, Dar es Salaam, yako jirani na mto Msimbazi, ambao humwaga Bahari ya Hindi. Mwenye ghala pale ajue koki ya kufunga mfereji wa mvua iko wapi, nani anaifunga, na nani anaifunga usiku.

Povu linaweza kuongezwa kwenye mfumo, nalo hufaa sana juu ya dimbwi lililotulia. Halisaidii kitu kikubwa kwa mafuta yanayochuruzika kutoka rafu hadi rafu, na kwa spiriti lazima liwe la aina isiyovunjwa na spiriti. Povu za zamani zenye kemikali za florini zinaachwa katika nchi nyingi kwa sababu hudumu katika maji na udongo. Anayenunua leo anunue isiyo na florini, lakini iliyopimwa pamoja na kinyunyizio kilekile atakachofunga.

Kukabidhi na kutunza

Nchini Tanzania, michoro ipelekwe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla ya ujenzi, na namba yao ya dharura, 114, ibandikwe karibu na lango na chumba cha pampu. Nchini Kenya, Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007 zinamdai mwenye eneo la kazi mambo mengi yanayogusa maghala. Alika kikosi cha jirani kije kuona mahali pa kuunganisha mipira yao na wahakikishe viungo vinaingiana, kwa kuwa kiungo kisichoingiana hugunduliwa vibaya sana saa nane za usiku.

Pampu ya dizeli iwashwe kila wiki na kuachwa iungurume kwa dakika 30, na mara moja kwa mwaka ipimwe kwa kumwaga maji kiasi kamili. Vali zote za kudhibiti zifungwe kwa mnyororo na kufuli zikiwa wazi, na ukaguzi wake uandikwe. Ndani ya mabomba pakaguliwe kila baada ya miaka mitano. Karibu na bahari, na pale ambapo maji ya kisima yana chumvi, ningekagua mapema zaidi, maana kutu iliyomeguka hukaa hasa kwenye vitundu vidogo vya ngazi za rafu. Kinyunyizio kilichopakwa rangi na mafundi wa kupaka kuta hakisafishwi, hubadilishwa. Kabati la akiba liwe na vinyunyizio visivyopungua 6 kwa mfumo wenye chini ya 300, na 12 kwa wenye 300 hadi 1,000, vikiwemo vya kila aina iliyofungwa, pamoja na spana yake.

Moto ukizimika, vali isifungwe mpaka kamanda wa zimamoto aseme hivyo, na mtu asimame kando yake akiwa na redio ili aifungue tena papo hapo moto ukirudi.

Lililobaki ni la ofisi ya manunuzi. Mwaka 2020 viwanda kadhaa vya Afrika Mashariki vilianza kutengeneza vitakasa mikono katika muda mfupi, na katoni zake zikaingia maghala yaliyopangiwa sabuni na mafuta. Hakuna bomba lililosogezwa, wala hakuna aliyevunja sheria ya stoo, kwa kuwa stoo haikuwa na sheria ya kuvunjwa. Iwekwe fomu ya ukurasa mmoja yenye jina la bidhaa, joto la mmweko, kama inachanganyika na maji, aina na ujazo wa chombo, katoni ipo au haipo, na kimo cha mrundo. Hati ya kununua bidhaa mpya, au ya kubadilisha ndoo ya chuma kuwa ya plastiki kwa sababu msambazaji amepunguza bei, isisainiwe kabla mhandisi hajaisaini fomu hiyo. Nakala moja ikae stoo, nyingine katika chumba cha pampu, kando ya mchoro wa mfumo unaotaja kwa maandishi bidhaa uliokusudiwa kuzilinda.